Jiji lililobaki na mizabibu yake: mavuno ya Vienna kwa macho ya mtu wa Dodoma

Baba yangu analima zabibu Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma. Kila msimu nikienda kumsaidia kupogoa nakuta vigingi vya wapima viwanja vimesogea karibu zaidi na shamba lake. Kwa hiyo niliposoma kwamba Vienna, mji mkuu wa Austria wenye watu milioni mbili, una karibu hekta 600 za mizabibu ndani ya mipaka ya jiji lenyewe, nilitaka nikajionee wamewezaje. Nilidunduliza fedha, nikaomba likizo mwishoni mwa Septemba kwa kuwa ndio wakati wao wa mavuno, nikafunga safari. Haya nayaandika nikiwa nimesharudi nyumbani, kutoka kwenye daftari langu na picha za simu.

Kabla ya yote: makaratasi

Ada ya visa ya Schengen ni euro 90. Bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000 ni lazima, na juu yake wanataka barua ya mwajiri, taarifa ya benki, uthibitisho wa malazi na mpangilio wa tiketi ya kwenda na kurudi. Maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo usingoje. Mimi nilianza Juni, pasipoti ikarudi mkononi Agosti. Euro nilibadilisha kwa karibu shilingi 2,900 kila moja. Chukua na noti ndogo ndogo; utaona faida yake mbele.

Jumatatu na Jumanne: Dodoma, Dar es Salaam, Vienna

Treni ya SGR ilinifikisha Dar es Salaam kabla ya chakula cha mchana, nauli shilingi 31,000 daraja la kawaida. Ndege iliondoka usiku bila shida. Shida ilikuja kwenye uwanja wa kubadilishia, ambako ndege ya pili ilichelewa saa nyingi na hatukupewa hata maji. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa anakwenda Graz kumwona mjukuu wake wa kwanza. Aliponiona natafuta duka lililo wazi alifungua mfuko wake, akatoa chapati mbili na mayai ya kuchemsha. "Kula, mwanangu," akasema. "Hawa wakisema saa moja, ujue ni tano." Na zikawa tano kweli.

Kutoka uwanja wa ndege wa Vienna panda treni ya S7 hadi kituo cha Wien Mitte. Inachukua kama dakika 25. Ipo treni nyingine ya haraka yenye matangazo makubwa makubwa, nauli yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya S7, na dakika unazookoa hazifiki hata kumi na tano. Mimi nililala Floridsdorf, ng'ambo ya mto Danube, kwenye nyumba ya familia inayopangisha vyumba: euro 62 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Katikati ya jiji bei ilikuwa karibu mara mbili. Nilinunua tiketi ya siku saba ya usafiri wa jiji kwa chini ya euro 30, na tiketi hiyo moja inapanda treni ya chini ya ardhi, tramu na basi.

Jumatano: mizabibu katikati ya magari

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilianzia Schwarzenbergplatz kwa sababu nilisikia pana shamba dogo kuliko yote ya jiji, na lipo kweli: kipande chenye mizabibu kama 60 mbele ya jengo la kifahari, uzio mdogo wa chuma, na tramu zinapita hatua chache tu kutoka hapo. Majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano pembezoni. Mvinyo wa mizabibu hii huuzwa kwa mnada na fedha zinakwenda kwenye hisani. Nilikuwa nahangaika kupiga picha huku simu inalowa. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kuvuka barabara akaja akanishikia mwavuli wake juu ya kichwa mpaka nilipomaliza. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Aliinamisha kichwa, akavuka, akaenda zake.

Kwa mtu wa leo kipande kile kinaweza kuonekana ni pambo tu. Lakini zamani mizabibu ilifika mpaka ndani ya kuta za mji. Warumi walikuwa na kambi yao hapa, Vindobona, na Kaisari Probus, aliyetawala kati ya mwaka 276 na 282, anakumbukwa kwa kuondoa vizuizi vya kupanda mizabibu katika majimbo haya ya kaskazini mwa milima ya Alpi. Katika Zama za Kati kulima zabibu na kuuza mvinyo kulikuwa mhimili wa uchumi wa Vienna. Kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Stefano husimuliwa kwamba mwaka 1450 mavuno yalikuwa machungu hata mvinyo haunyweki, watu wakawa wanaumwaga barabarani, na mfalme Friedrich III akaamuru upelekwe kwenye ujenzi wa mnara ukachanganywe na chokaa. Nilisimama chini ya mnara ule shingo ikiwa nyuma kabisa, mvua ikinidondokea usoni, nikawaza wakulima wa kwetu ambao mwaka wakikosa mnunuzi zabibu zinaozea shambani.

Ushauri: mabomba ya maji ya kunywa yako kila mahali, na maji yanatoka milimani, safi na baridi. Beba chupa tupu, usinunue maji.

Alhamisi: Nussdorf hadi Kahlenberg kwa miguu

Hii ndiyo siku ningemshauri mtu asiikose hata kama ana siku moja tu.

Tramu ya D inakufikisha mwisho wa njia, kituo cha Beethovengang kule Nussdorf. Unashuka, unavuka, na baada ya dakika chache uko kando ya kijito chini ya miti. Beethoven, mtunzi wa muziki, alizoea kutembea huku. Mtaa wa Probusgasse, umepewa jina la yule Kaisari, ndipo ilipo nyumba ambayo mwaka 1802 aliandika ile barua ya uchungu kwa ndugu zake kuhusu kupoteza usikivu. Sasa ni makumbusho. Mimi sikukaa sana ndani. Jua lilikuwa limetoka na nilikuwa na kiu ya kuona mashamba.

Njia inapanda taratibu. Upande mmoja nyumba zenye bustani, upande wa pili ghafla mistari ya mizabibu: nguzo, waya, vichala vya kijani kibichi chenye madoa ya kahawia, nyavu dhidi ya ndege. Nyavu hizo zilinifurahisha. Baba anapigana na ndege kila msimu kwa makopo na kelele, na hapa wanapigana nao hivyo hivyo, tofauti ni fedha ya nyavu tu. Juu zaidi unaingia msituni, kisha unatokea Kahlenberg, mita 484 kutoka usawa wa bahari, na jiji zima liko chini yako: mnara wa Mtakatifu Stefano, Danube, majengo ya Umoja wa Mataifa, na mbele kabisa, kati yako na hayo yote, mizabibu.

Mwaka 1683 jeshi la Waosmani liliuzingira mji huu kwa miezi miwili, na mashamba ya nje ya kuta yakaharibiwa vibaya. Tarehe 12 Septemba majeshi ya kuokoa mji, pamoja nayo mfalme Jan Sobieski wa Poland, yaliteremka kutoka vilima hivi hivi. Baada ya vita watu walipanda upya. Naandika hili kwa sababu nilipofika nilidhani mashamba haya yamesalia tu kwa bahati, kama vile hakuna aliyeyagusa. Sivyo. Yamekufa na kurudishwa, si mara moja.

Nilishuka kupitia Nussberg, mteremko wenye udongo wa chokaa unaotazama mto. Hapo katikati ya mistari, kwenye kibanda chenye meza za mbao, familia moja ilikuwa inauza mvinyo wake. Pale getini palikuwa na fito, na juu yake limefungwa tawi bichi la msonobari. Ndiyo alama: tawi likiwa nje, karibu ndani, tawi lisipokuwepo, pamefungwa. Glasi ya sehemu ya nane ya lita, euro 3.50. Mkate wenye jibini laini ya paprika wanayoiita Liptauer, euro 5. Msichana aliyehudumia alisema shamba ni la babu yake, na kwamba wanaruhusiwa kuuza mvinyo wa zabibu zao wenyewe tu, hata chupa moja ya jirani hapana.

Asili ya utaratibu huo ni amri ya Kaisari Joseph II ya tarehe 17 Agosti 1784. Iliruhusu kila mtu kuuza chakula, mvinyo na mchuzi wa matunda alivyozalisha mwenyewe, wakati wowote wa mwaka, kwa bei anayoitaka yeye. Basi. Mkulima akawa na meza uani kwake na wateja wakawa wanapanda kilima kumfuata. Nyumba hizi zinaitwa Heuriger, na mwaka 2019 utamaduni wake uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha jambo zima. Shamba la kilima kile lina thamani kubwa mno kama kiwanja; linabaki shamba kwa sababu mwenye nalo anapata riziki juu yake bila kumsubiri mwenye kiwanda, na kwa sababu watu wa mjini wanaliona kuwa lao. Baraza la jiji nalo lilisimama: mwaka 1905 liliamua kuulinda mkanda wa misitu na majani unaouzunguka mji, na tangu 1907 jiji lenyewe linamiliki shamba la mvinyo, Cobenzl, upande huu huu wa vilima.

Nilikaa pale mpaka kivuli kikafika mezani.

Ushauri kwa mtakaokwenda: kwenye nyumba hizi kinywaji unaletewa, chakula unakwenda kuchagua mwenyewe kwenye kaunta, na nyingi hazipokei kadi, ndiyo maana nilisema noti ndogo. Hazifunguliwi kila siku. Nyingine hufungua majuma machache tu kwa mwaka, kwa hiyo ulizia kwanza. Asiyekunywa pombe aombe Traubensaft, sharubati ya zabibu za shamba hilo hilo, tamu sana. Asiyekula nguruwe aulize kila kitu kabla ya kuweka kwenye sahani, kwa maana nguruwe ni karibu nusu ya kaunta. Grinzing, kijiji cha jirani, ni kizuri kwa macho, lakini jioni mabasi ya watalii yanajipanga na bei zinapanda. Mimi ningebaki Nussdorf au ningevuka mto.

Ijumaa

Kufua nguo, kununua soksi nene, kulala mchana.

Jumamosi: Stammersdorf, siku ya kutembea mashambani

Mwishoni mwa Septemba jiji huandaa wikendi ya matembezi kwenye mashamba ya zabibu. Njia zinawekewa alama, wakulima wanaweka meza kando ya njia, na watu maelfu wanatembea na watoto na mbwa. Hakuna kiingilio. Nilichagua njia ya upande wangu wa mto, kutoka Strebersdorf hadi Stammersdorf, karibu kilomita 10.

Tramu ya 26 ilisimama nusu ya safari kwa sababu mtu alikuwa ameegesha gari lake juu ya reli akaingia dukani. Dereva alipiga kengele, akapiga tena, akakunja mikono. Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anaongea Kiswahili kwenye simu. Nikageuka. Alikuwa kaka wa makamo kutoka Bukavu, anaishi Vienna miaka mingi, na alikuwa anakwenda huko huko niendako.

"Dada, unatoka Tanzania? Dodoma? Kule pia kuna vinyo?" Aliamini nilipomwonyesha picha ya baba amesimama kati ya mizabibu. Akanishika mkono kama tumefahamiana siku zote. "Basi leo utatembea na mimi. Hawa wazee wote nawajua, nilivuna kwao nilipofika mara ya kwanza."

Na tukatembea. Bisamberg ni kilima cha upole kuliko vile vya ng'ambo, barabara zake zimechimbwa kwenye udongo laini wa manjano, na pande zote mbili kuna milango midogo ya mbao ya stoo za mvinyo zilizochimbwa ardhini. Mvinyo unakaa humo baridi kiangazi na masika bila umeme. Kwenye meza ya kwanza tulipewa Sturm, mchuzi wa zabibu ulio katikati ya kuchachuka. Nilipenda kuitazama chupa yake: haifungwi kabisa, inafunikwa kwa karatasi ya fedha, kwa sababu gesi bado inatoka na ukiibana itapasuka. Ndani ni wingu la manjano, viputo vinapanda kando ya kioo bila kukoma, na ukiweka sikio karibu unasikia inanong'ona. Tamu, chachu, inashuka haraka kuliko inavyostahili. Sheria inaruhusu iuzwe kuanzia Agosti mosi hadi mwisho wa Desemba tu. Kaka yangu wa Bukavu alininunulia na kachumbari ya matango na kipande cha mkate wa vitunguu, akakataa katakata nisilipe.

Meza ya tatu au ya nne ilikuwa ya mama mmoja mkulima, mikono yake imechafuka rangi ya zabibu mpaka kwenye viwiko. Kaka alimweleza kwa Kijerumani mimi ni nani, na tangu hapo mama yule hakunihesabu tena kuwa mteja. Kwa Kiingereza chetu cha kuombea maji akanipeleka kwenye mstari nyuma ya meza. "Angalia," akasema, akinionyesha mzabibu mmoja baada ya mwingine. Majani hayakufanana. Huu Grüner Veltliner, huu Riesling, huu Weissburgunder, ule wa pembeni Traminer wenye ganda la waridi. Vyote shamba moja, vinavunwa siku moja, vinakamuliwa pamoja. Wanauita Gemischter Satz, na ndio mvinyo wa Vienna hasa. Ili chupa ipate jina hilo rasmi, kwa kanuni zilizoanza na mavuno ya 2013, lazima kuwe na aina tatu au zaidi, ya kwanza isizidi asilimia 50, na ya tatu isipungue asilimia 10. Sababu ya zamani ni ya mkulima yeyote: baridi ikiua maua ya aina moja, nyingine inapona, moja ikikosa ukali, nyingine inao. Bibi yangu alipanda mahindi, kunde na maboga shimo kwa shimo kwa hesabu hiyo hiyo.

Kisha akatoa mfukoni kifaa kidogo kama bomba. Akaminya punje moja, tone likaanguka kwenye kioo chake, akafunika, akanipa nitazame kuelekea juani. Juu bluu, chini nyeupe, na mpaka kati ya rangi hizo ulikuwa umekatiza kwenye 18. Maana yake kilo 18 za sukari katika kila kilo 100 za mchuzi. Mvinyo wa daraja la ubora unadai angalau 15. Akatabasamu, akasema Jumanne watavuna kipande hicho, nije.

Jioni miguu ilikuwa inawaka moto. Wanamuziki wanne walipiga muziki wa Schrammel kwenye ua mmoja, violini mbili, gitaa lenye shingo mbili na kodiani, muziki uliopewa jina la ndugu wawili waliopiga kwenye nyumba hizi za mvinyo karne ya 19. Wazee walikuwa wanaimba na macho yamefumbwa. Kaka aliniandikia namba yake, akanisindikiza hadi kituoni, akasubiri mpaka tramu ikaondoka.

Jumatatu: Klosterneuburg

Jumapili niliipitisha kanisani na kitandani. Jumatatu nilipanda treni ya S40 kutoka Heiligenstadt, nusu saa haifiki, hadi Klosterneuburg, mji mdogo jirani. Angalizo: pale si Vienna tena, tiketi ya jiji inaishia mpakani na lazima ununue nyongeza. Wakaguzi wapo.

Abasia ya Klosterneuburg ilianzishwa mwaka 1114, na watawa wa hapo wamekuwa wakilima zabibu kwa zaidi ya miaka 900. Kwa mtu wa Dodoma hili si geni. Kwetu pia mizabibu ililetwa na wamisionari, na ya misheni ya Bihawana inajulikana na kila mtu. Nilishuka kwenye stoo zao, ghorofa chini ya ghorofa, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Vaeni sweta hata kama nje kuna jua. Juu kanisani kuna altare ya mwaka 1181 ya Nicolaus wa Verdun, vibao vya dhahabu na rangi ya bluu ambayo sijawahi kuiona popote. Nenda hata kama mvinyo haukuhusu.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya chuo. Kando ya abasia, tangu 1860, kipo chuo cha kilimo cha zabibu, cha kwanza cha aina yake duniani. Kile kipimo cha sukari nilichosoma kwenye kifaa cha mama wa Stammersdorf kina jina la mji huu. Alikibuni mkuu wa chuo hiki, August Wilhelm von Babo. Aina ya zabibu nyekundu inayolimwa zaidi Austria, Zweigelt, ilizalishwa hapa mwaka 1922. Na ni hapa hapa, mwanzoni mwa miaka ya 1870, ndipo filoksera ilipogunduliwa nchini, yule mdudu mdogo wa Kimarekani anayekula mizizi. Mashamba ya Ulaya nzima yalikauka. Dawa ilikuwa kubebesha vikonyo vya mizabibu ya Ulaya kwenye mashina ya mizabibu ya Marekani ambayo mdudu haiwezi, na mpaka leo karibu kila mzabibu niliouona umesimama kwenye mizizi ya kigeni. Sehemu ya kuungia inaonekana wazi, nundu juu kidogo ya udongo. Nilipiga picha nyingi za nundu hizo kumwonyesha baba, maana na sisi tuna kituo chetu cha utafiti Makutupora, na wakulima wetu hawakitumii vya kutosha.

Dukani niliuliza kwa nini kofia za chupa zote zina utepe wa nyekundu, nyeupe na nyekundu. Muuzaji hakukwepa. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa wanatia kemikali ya dietilini glikoli ili mvinyo uonekane mzito na mtamu. Nchi nyingi ziliacha kununua, mauzo ya nje yakaporomoka, wakulima waaminifu wakaangamia pamoja na wahalifu. Serikali ikatunga sheria kali kupita kiasi, na tangu hapo chupa ya ubora inabeba utepe wa rangi za bendera wenye namba ya mzalishaji. Alisema haya kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi nyumba yake ilivyojengwa upya. Nikanunua chupa mbili.

Jumanne: mavuno

Nilifika Stammersdorf saa moja na nusu asubuhi, umande bado. Familia ilikuwa imeshaanza: mama, wanawe wawili, shemeji, na babu wa miaka themanini na ushei ambaye hakutaka kuketi. Niliomba mkasi. Mama akakataa kwa upole. Wakati wa mavuno wakaguzi wa kazi hupita mashambani, na mgeni mwenye visa ya utalii akikutwa anavuna, faini ni ya mwenye shamba. Basi nikatembea nyuma yao na kula nilichopewa. Kama wewe unatamani kuvuna, jua hilo mapema na usimtie mtu matatani.

Kutazama nako kulitosha. Kichala kinashikwa kwa mkono wa kushoto kutoka chini, kinakatwa, kinageuzwa, punje zilizooza zinachomolewa kwa ncha ya mkasi, ndipo kinawekwa kwenye kreti. Hakirushwi. Babu alikuwa anakagua kila kreti, na akiona jani alilitoa. Kutoka alipokuwa amesimama ungeweza kuyaona maghorofa ya Floridsdorf. Nilimuuliza, mwanawe akitafsiri, kama hawajawahi kushawishiwa kuuza. Alijibu kwamba hata wakitaka, ardhi hii imetengwa kwa zabibu kwenye ramani ya jiji, hairuhusiwi kujengwa, kwa hiyo anayeinunua ananunua mizabibu. Kisha akaongeza kuwa hata isingekuwa hivyo asingeuza, na wanawe wakacheka kwa kuwa bila shaka wameyasikia mara nyingi.

Saa nne tulikula juu ya ubao uliowekwa kwenye mapipa mawili: mkate mweusi, mayai, figili, nyama baridi, kahawa ya chupa. Mchana kreti za kwanza zilikuwa zimeshaingia kwenye mashine ya kukamulia, na mchuzi ukaanza kutoka, wa kijani, una harufu ya tufaha. Nilipewa kikombe. Mama alinifungia chupa moja ya mwaka uliopita kwenye gazeti na hakutaka fedha.

Kurudi

Funga chupa ndani ya nguo, katikati ya begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi. Forodha ya kwetu inaruhusu abiria lita mbili za mvinyo bila ushuru. Zangu tatu zilizidi kidogo, nikaitangaza ya tatu na kuilipia, hakuna aliyenisumbua. Safari hii ndege ya pili ilifika kwa wakati.

Baba ameonja zote. Ya abasia ameisifia. Ya Stammersdorf amesema kali mno, kisha akamimina tena, akauliza zile aina nne zinaiva vipi siku moja. Nilimweleza haziivi siku moja, wanachagua siku ya wastani, na hapo ndipo ladha inapotoka. Picha za nundu amezitazama mpaka betri ikaisha. Lakini lililomkalia moyoni ni ile ramani ya jiji. Dodoma imekuwa jiji mwaka 2018 tu, mipango yake bado inachorwa, na AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, ina mkutano Novemba. Ameniomba niende na picha, niwaeleze wenzake kuhusu ardhi iliyotengwa na kuhusu tawi la msonobari getini, na mwenyekiti ameshakubali kumwalika afisa mipango miji. Anayetaka kuja, mkutano ni wazi kwa wakulima wote wa zabibu, si wanachama peke yao.